Kompyuta Kando ya Bureti

Kila aliyefika Kidato cha Nne katika shule yetu amekwisha kushika bureti. Anajua namna ya kuisuuza, kuijaza asidi, kutoa mapovu ya hewa mdomoni mwake, kisha kuifungulia tone kwa tone juu ya flaski, huku mkono wa pili ukiitikisa flaski hiyo taratibu. Anaijua pia ile hofu ya tone la mwisho, pale rangi ya methili orenji inapogeuka ghafula na mtu akajiuliza kama amekwisha kupitiliza. Baada ya kazi hiyo yote huandika tarakimu moja, tuseme 24.60, akarudia mara mbili au tatu, akatafuta wastani, na habari imekwisha.

Mimi nilimaliza Kidato cha Sita hapa, na sasa nasoma kemia katika chuo kikuu, mwaka wa tatu. Mhariri aliponitaka niwaandikie ninyi habari za masomo ya huko, niliona afadhali nieleze jambo moja tu, nalo ni jinsi kompyuta inavyotumiwa kukusanya vipimo katika maabara ya chuo. Nimelichagua kwa sababu nilipokuja kuwatembelea nilisikia maneno ya namna mbili. Wako waliosema kwamba huko chuoni kompyuta hufanya kemia yote, na mwanafunzi hukaa kitako akitazama. Wako wengine, nao ni wengi zaidi, waliosema kwamba mtu aliyetoka shule ambayo wanafunzi wanne hushirikiana bureti moja amekwisha kuachwa nyuma tangu siku ya kwanza, basi ya nini kujisumbua kuchagua kemia. Maneno ya kwanza ni mzaha tu. Haya ya pili yanaweza kumharibia mtu maisha yake, nami naona si kweli.

Yafaa tujue kwanza kompyuta inapima nini. Kusema kweli, haipimi asidi, wala joto, wala rangi. Inachoweza kupokea ni hesabu tu, na hesabu hizo hutokana na umeme mdogo. Kwa hiyo kitu chochote tunachotaka kukipima hapana budi kigeuzwe kwanza kuwa umeme. Chombo kinachofanya kazi hiyo ndicho mwanafunzi anachokitia ndani ya flaski au bika, nami katika makala haya nitakiita kipimio. Kiko kipimio cha joto, kiko cha mwanga, kiko cha kanieneo la gesi. Hapa nitakaa zaidi na kipimio cha asidi, maana ndicho kinachosimama kando ya bureti.

Kipimio hicho huitwa elektrodi ya kioo. Ni kijiti kama kalamu nene, na mwisho wake kuna kitufe cha kioo, kidogo kama gololi, lakini kioo chake ni chembamba sana. Ndani ya kitufe mna mmumunyo ambao pH yake haibadiliki. Kitufe kikizamishwa katika mmumunyo mwingine wenye pH tofauti na ile ya ndani, hutokea tofauti ya umeme kati ya upande wa ndani na upande wa nje wa kioo. Tofauti hiyo hufuata kanuni nyofu kabisa: katika joto la sentigredi 25, pH ikipanda kwa 1, umeme hushuka kwa milivolti 59 hivi. Elektrodi nyingi hutengenezwa ili zitoe karibu na sifuri katika pH 7. Basi katika pH 4 zitatoa milivolti 177, na katika pH 10 zitatoa 177 za upande wa hasi. Hizo ndizo habari zote zinazotoka ndani ya flaski.

Lakini umeme huu una taabu yake. Kioo, kama mjuavyo, hakipitishi umeme kwa urahisi, na ukinzani wa kile kitufe hufika makumi au mamia ya mamilioni ya omu. Ukikiunganisha na mita ya kawaida ya umeme, ile mita yenyewe itaunyonya umeme wote kabla haujapimwa. Ndiyo sababu elektrodi ya kioo, ingawa ilijulikana tangu miaka ya kwanza ya karne ya 20, haikufaa sana nje ya vyumba vya wataalamu mpaka mwaka 1934. Mwaka huo Arnold Beckman, mwalimu wa kemia huko California katika Marekani, aliombwa na rafiki yake aliyefanya kazi na wakulima wa malimau amtafutie njia iliyo imara ya kupima uchachu wa maji ya malimau. Beckman alitumia vali za redio kuukuza umeme ule, akatia kila kitu ndani ya sanduku moja, na kifaa kile kikawa mwanzo wa mita za pH zinazouzwa duniani. Hufurahi kila nikikumbuka kwamba chombo hiki tunachokiogopa kilianzia kwenye malimau.

Umeme ukisha kukuzwa, hupita katika kifaa cha kati ambacho huugeuza kuwa hesabu. Fikiri ngazi ya kupandia darini. Mtu aweza kusimama juu ya kipandio cha tatu au cha nne, lakini hawezi kusimama katikati ya viwili hivyo. Kifaa hiki nacho kina vipandio vyake. Vingine vina vipandio 1,024, vilivyo bora vina 4,096, na vingine vina zaidi ya hapo. Tuchukue kile cha vipandio 1,024, kinachopokea umeme tangu sifuri hadi volti 5. Gawanya, utaona kila kipandio ni milivolti 4.9 hivi. Sasa kumbuka zile milivolti 59 za kila pH moja. Kama umeme haukukuzwa, kipandio kimoja ni sawa na pH 0.08. Maana yake, kompyuta hiyo ikikuandikia pH 6.4137, tarakimu mbili za mwisho ni porojo, na hata ile ya 1 si ya kuapia. Kompyuta haioni haya kuandika tarakimu nyingi. Kazi ya kuzikata ni yetu.

Liko na jambo lingine ambalo mwanafunzi hapana budi alifanye kila siku kabla ya kuanza. Kompyuta inazijua milivolti tu, haijui pH ni kitu gani. Kwa hiyo huizamisha elektrodi katika mmumunyo wa bafa wa pH 4, akaiambia kompyuta, "Hii ni 4." Kisha huisuuza, akaitia katika bafa ya pH 7 au ya 10, akaiambia vivyo hivyo. Kutokana na nukta hizo mbili kompyuta huchora mstari wake, na baada ya hapo kila milivolti inayopokea huisoma kwa mstari huo. Ukikosea hapo mwanzo, ukaita 7 kile kilicho 4, kompyuta itakuamini kwa moyo wote na kazi nzima itapotoka, wala hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Kilichobaki ni kujua ni alkali kiasi gani imeteremka kutoka katika bureti. Katika maabara nyingine mwanafunzi husoma bureti kwa jicho kama hapa kwetu, akaipigia kompyuta ile hesabu. Katika nyingine kiko kifaa cha kuhesabu matone: upande mmoja kina taa ndogo, upande wa pili kina jicho la umeme, na kila tone likipita katikati hukata mwanga, basi kompyuta ikahesabu moja. Matone kama 20 hufanya sentimita moja ya ujazo. Nasema kama 20, kwa kuwa ukubwa wa tone hutegemea mdomo wa bureti na kasi ya kudondoka. Kwa sababu hiyo mwanafunzi mwangalifu hudondosha kwanza sm³ kadhaa ndani ya silinda ya kupimia, akagawanya, akajua tone la siku ile lina ukubwa gani. Tena bureti inapopungua maji, matone hupunguza mwendo. Basi kazi ya mikono haikwisha, ila imehama mahali.

Sasa tuifanye kazi yenyewe. Tuna sm³ 25 za asidi ya siki yenye moli 0.1 kwa lita, iliyo ndani ya bika juu ya mashine ya kukoroga, na ndani ya bureti tuna sodiamu haidroksaidi ya nguvu ileile. (Mtaona ni kinyume cha desturi yetu ya shule, ambapo asidi ndiyo hukaa katika bureti.) Kabla ya tone la kwanza pH ni 2.9 hivi. Tunafungua. Kwenye kioo cha kompyuta mstari unapanda upesi kidogo, kisha unatulia na kwenda karibu ubapa. Zikisha kuingia sm³ 12.5, yaani nusu ya njia, pH ni 4.76. Hesabu hii si ya bahati. Hapo nusu ya asidi imekwisha kugeuzwa chumvi na nusu imebaki, na pH ya mahali hapo ni sawa na ile iitwayo pKa ya asidi ya siki, ambayo wana Kidato cha Sita wameikuta katika majedwali yao. Mwaka mzima niliikariri hesabu hiyo nikidhani ilishuka kutoka mbinguni. Kumbe iko katikati ya mstari, mtu yeyote aweza kuisoma.

Tunaendelea. Mstari unakwenda polepole, sm³ 20, 22, 24, na pH bado iko chini ya 6.2. Zikifika sm³ 24.95 pH ni 7.5 hivi. Linaanguka tone moja, na pH ni 8.7. Linaanguka jingine, na pH ni 10. Matone mawili tu yamepandisha pH kwa hatua mbili na nusu, ilhali sm³ 20 za kwanza kwa pamoja zilipandisha kama hatua mbili na nusu tu! Mstari unasimama wima kama mnazi. Baada ya hapo hulala tena, maana sasa ni alkali inayozidi tu.

Mtu akiutazama mstari huo mara moja huelewa mambo ambayo tulikuwa tukiyashika kwa kichwa tu. Kwa nini asidi ya siki haitaki methili orenji? Methili orenji hugeuka kati ya pH 3.1 na 4.4, na hapo mstari wetu bado uko mwanzoni; rangi ingegeuka polepole, kabla hata hatujafika nusu ya njia. Fenolfthalini hugeuka kati ya 8.2 na 10, yaani palepale mstari unaposimama wima. Na kwa nini asidi ya haidrokloriki hukubali zote mbili? Kwa sababu kwayo mstari husimama wima tangu pH 4 hadi 10 ndani ya matone mawili. Pia mtaona kwamba mahali ambapo asidi ya siki na alkali zinatoshana si pH 7, bali ni 8.7. Bureti na kiashiria vinakupa nukta moja. Huku unapewa njia nzima iliyofika kwenye nukta hiyo.

Labda msomaji atauliza, je, njia hiyo nzima haiwezi kuchorwa kwa mkono? Yaweza. Chukua mita ya pH, soma kila baada ya nusu sentimita, andika hesabu 60 hivi, kisha nenda nyumbani ukachore. Wazee wetu wa kemia walifanya hivyo miaka mingi. Hapa ndipo penye swali lenyewe la makala haya, yaani kompyuta imeongeza nini hasa, mbali na kupunguza uchovu?

Jibu lilianza kutafutwa katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo zilipoanza kuingia katika shule na vyuo vya Marekani. Mmoja wa waliotangulia alikuwa Robert Tinker, aliyefanya kazi katika taasisi ya TERC huko Massachusetts. Yeye na wenzake waliunganisha vipimio na kompyuta hizo ili wanafunzi waione grafu ikijichora papo hapo. Mwaka 1987 Heather Brasell alitoa habari za majaribio aliyoyafanya kwa wanafunzi wa fizikia wa sekondari. Wengine waliiona grafu ya mwendo wao wenyewe wakati uleule walipokuwa wakitembea. Wengine walioneshwa grafu hiyohiyo baada ya kuchelewa kidogo tu, sekunde 20 hivi au 30. Walioona papo hapo walijifunza kuisoma grafu vizuri zaidi, na kule kuchelewa kudogo kulitosha kuondoa sehemu kubwa ya faida. Mimi jambo hili lilinishangaza sana. Grafu ni ileile, hesabu ni zilezile, lakini mwili umekwisha kusahau ulichokuwa ukifanya.

Katika kemia, Mary Nakhleh na Joseph Krajcik walieleza mwaka 1994 jinsi walivyowagawa wanafunzi wa sekondari katika makundi matatu wapime asidi kwa alkali: kundi moja kwa viashiria vya rangi, la pili kwa mita ya pH, la tatu kwa kipimio na kompyuta. Kabla na baada ya kazi waliwataka wachore ramani ya mawazo yao juu ya asidi, besi na pH. Kundi la kompyuta ndilo lililosogea mbele zaidi. Naona sababu yake ni ileile. Unaposhika koki ya bureti kwa mkono na kuona mstari ukiruka wakati tone lako linapoanguka, mkono na jicho na fikira hukutana mahali pamoja.

Zipo kazi nyingine ambazo pasipo kompyuta ni taabu tupu. Iko rangi ya zambarau iitwayo kristali vayoleti. Ukiichanganya na sodiamu haidroksaidi hufifia polepole, na katika dakika chache zambarau imekuwa kama maji. Tunataka kujua inafifia kwa kanuni gani. Hupitishwa mwanga wa manjano ndani ya kichupa, kwa kuwa rangi hiyo humeza manjano kuliko mwanga mwingine, na jicho la umeme likapima mwanga uliobaki kila sekunde moja. Kwa mkono, mmoja angeshika saa na kuita, mwingine angesoma mita, wa tatu angeandika, na mwisho mngepata hesabu 15 zilizochukuliwa mbiombio. Kompyuta hukupa mia kadhaa. Ukichora logarithimu asilia ya kiasi cha mwanga uliomezwa mbele ya muda, hutokea mstari ulionyoka, nao ni dalili kwamba kasi hufuata kiasi cha rangi kilichobaki. Ongeza sodiamu haidroksaidi iwe mara mbili, na mstari huinama mara mbili. Kazi nzima ni ya dakika 10, kwa hiyo unaweza kuirudia kwa nguvu nne tofauti katika alasiri moja. Hiyo ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote: kuuliza swali la pili siku ileile.

Lakini sasa nieleze upande mwingine, maana ndio unaowahusu ninyi zaidi.

Katika mwaka wangu wa kwanza, wenzetu wa meza iliyokuwa nyuma yetu walianza kazi ile ya asidi ya siki wakiwa na furaha, kwa kuwa kompyuta yao iliwaka mapema. Matone yakahesabiwa, mstari ukaanza kujichora. Mstari ule ulikwenda ubapa katika pH 4 hivi. Sm³ 5, ubapa. Sm³ 15, ubapa. Sm³ 25, ubapa vilevile. Kijana mmoja akasema kwamba asidi yao ina subira nyingi. Mwingine akataka kuita msaidizi wa maabara aje abadilishe kompyuta. Msichana mmoja miongoni mwao, aliyetoka shule ya serikali ya bara kama yetu, alikuwa ametia fenolfthalini ndani ya bika ingawa karatasi ya maelezo haikumtaka, kwa sababu tu ndivyo alivyozoea. Akasema, "Jamani, hii imekuwa nyekundu zamani, na kompyuta inasema bado ni asidi. Mmoja wao ni mwongo." Wakaichomoa elektrodi. Kumbe ilikuwa bado imevaa kofia yake ya mpira, na ndani ya kofia mna mmumunyo wa kuitunzia. Kwa dakika 20 kompyuta ilikuwa imepima kwa uaminifu mkubwa pH ya kofia.

Mambo ya namna hiyo si machache. Elektrodi iliyoachwa ikakauka husoma kwa uvivu, kwa hiyo ukidondosha haraka, mstari huonyesha mahali ulipokuwa, si ulipo. Kipimio cha joto chenye ganda la chuma huhitaji sekunde kadhaa kabla hakijaona joto jipya, na mwanafunzi asiyejua hilo hudhani kwamba kemikali ndizo zilizochelewa. Mashine ya kukoroga isipozunguka, alkali hukaa upande mmoja wa bika na elektrodi upande wa pili. Katika yote hayo kompyuta haitasema neno. Itachora mstari mzuri, laini, wenye rangi, unaostahili kutiwa katika fremu.

Ni nani basi atakayetambua? Ni yule anayejua kabla ya kuanza kwamba jibu lapasa kuwa karibu na 25, na kwamba pH ya asidi haiwezi kubaki 4 baada ya alkali kuingia yote. Ujuzi huo haukai ndani ya kompyuta. Hupatikana kwa kutikisa flaski mara nyingi. Wenzangu waliotoka katika shule zenye vifaa vya kila namna walikuwa wepesi wa kubofya kuliko mimi kwa muda wa wiki tatu hivi. Baada ya hapo tulikuwa sawa, na kusoma bureti kwa usahihi wa 0.05 ni jambo ambalo wengine wao walikuja kutuuliza sisi.

Kati ya wahadhiri nimewasikia wakibishana kama mwanafunzi mpya apewe kompyuta tangu siku ya kwanza au aanze kwa mkono. Mimi nakubaliana na wale wasemao aanze kwa mkono, achore grafu moja au mbili kwa penseli, ndipo aje kwenye mashine. Tena saa zinazookolewa zisiwe za kwenda zetu bwenini mapema. Kama kazi ya saa tatu imekuwa ya saa moja, na mwanafunzi akafunga daftari akaondoka, sioni amefaidi nini.

Najua mtauliza kuhusu shule yetu, ambayo haina vipimio hivyo. Siku hizi viko vibao vidogo vya umeme, kama vile Arduino iliyoanzia Italia mwaka 2005, ambavyo kwa gharama isiyo kubwa hufanya kazi ya kile kifaa cha kati, na ule wa kawaida una vipandio 1,024 nilivyovitaja. Ukiuunganisha na kipande kinachobadili ukinzani wake kwa joto, umepata kipimio cha joto kinachoandika chenyewe katika kompyuta yoyote ya ofisi. Elektrodi ya kioo ni ngumu zaidi, kwa sababu ya ule ukinzani wake mkubwa; msianze nayo.

Anzeni na joto, nanyi mnaweza kuanza hata kabla kibao hakijapatikana. Tieni sm³ 25 za sodiamu haidroksaidi yenye moli 1 kwa lita ndani ya kikombe cha povu kama vile vya chai vya kutupwa. Vaeni miwani ya maabara, maana nguvu hiyo si ya mchezo machoni. Soma joto, kisha ongeza asidi ya haidrokloriki ya nguvu ileile, sm³ 5 kwa wakati mmoja, koroga, soma, na mmoja wenu atie nukta kwenye karatasi ya grafu palepale, asingoje hata nusu dakika. Joto litapanda kila mara mpaka sm³ 25, kwa jumla chini kidogo ya nyuzi 7, kisha litaanza kushuka, kwa kuwa asidi inayozidi haina tena cha kuungana nacho na inapoza tu. Endeleeni hadi sm³ 45. Piga mstari mmoja kupitia nukta zinazopanda na mwingine kupitia zinazoshuka. Pale zinapokutana ndipo asidi na alkali zilipotoshana, na hakuna hata tone la kiashiria lililotiwa. Kikombe kikivuja joto, nukta za juu zitainama kidogo. Kidato cha Tano jaribuni kueleza ni upande gani, na kwa nini.